Anayeshuka Humpisha Anayepanda

"Unajua kushuka?" mzee aliniuliza.

Tulikuwa tumesimama kwenye ukingo wa msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, saa moja asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya kabichi. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kuazima yenye shokapu mbele na nyuma, breki za diski, na gia nyingi kuliko nilizojua matumizi yake. Yeye alikuwa na Phoenix ya chuma: gia moja, keria nyuma, breki za vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye ringi. Alikuwa fundi baiskeli tangu kabla sijazaliwa, na njia zile za mlimani alizijua kama mtu anavyokijua chumba chake gizani. Nikamjibu kwamba kushuka ndiyo sehemu rahisi. Mlima wenyewe unakushusha.

"Sikuulizi kushuka mlima, mwanangu," akasema. "Nakuuliza kushuka kwenye baiskeli."

Nilidhani ananijaribu kwa maneno, kama wazee wanavyopenda. Miaka imepita, nimepanda na kushuka milima mingine, na swali lile bado ninalo.

Lugha yetu imeliweka jambo hili mahali pa wazi, nasi tunalipita kila siku bila kuliangalia. Kupanda ni kwenda juu mlimani, na kupanda ni kukaa juu ya baiskeli. Tena kupanda ni kutia mche ardhini. Kushuka ni kuteremka bondeni, na kushuka ni kuiacha baiskeli na kusimama kwa miguu yako. Vitenzi viwili tu. Anayetaka kumjua mwendesha baiskeli makini wa milimani angeweza kuanzia hapo na kumalizia hapo: ni mtu anayejua kupanda kwa maana zake zote, na kushuka kwa maana zake zote.

Lakini sivyo tunavyopimana. Nenda msitu wa Karura jijini Nairobi siku ya Jumamosi, au usikilize vijana wa Arusha wanaporudi kutoka miteremko ya Meru, uwaulize ni nani kati yao aliye makini. Wa kwanza atakuonyesha fremu ya kaboni ambayo mtoto anaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Wa pili atakutajia kasi aliyofikia kwenye mteremko fulani. Wa tatu atakunja suruali akuonyeshe kovu. Sina ugomvi nao. Breki nzuri zimeokoa watu, kasi ina utamu wake, na kovu halinunuliwi dukani. Hata hivyo fremu inasema mtu alilipa, kasi inasema mlima ulikuwa mkali, na kovu linasema alianguka. Alijifunza nini alipoanguka, hilo kovu halisemi.

Mchezo huu wa baiskeli za milimani, kama dunia inavyoujua leo, ulipata umbo lake California, Marekani, katika miaka ya 1970. Kaskazini ya San Francisco kuna mlima uitwao Mount Tamalpais, na kwenye vilima vya jirani, karibu na mji mdogo wa Fairfax, kuna barabara ya vumbi inayoteremka kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na kitu. Vijana wa huko walikuwa wakitafuta baiskeli nzito za zamani, hasa Schwinn zilizoundwa miongo kadhaa kabla yao, wakazivua madoido yote, wakazivisha tairi nene, wakazipeleka juu na kuziachia chini. Breki ya baiskeli hizo ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: unakanyaga pedeli kinyumenyume, gurudumu linakamatwa. Kwa mteremko ule kitovu kilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi. Kila baada ya kushuka ilibidi kifunguliwe, kisafishwe, kijazwe grisi mpya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya hapo shindano la kwanza, kila mtu akishuka peke yake na kuhesabiwa muda. Aliyeshinda aliitwa Alan Bonds, na alishinda kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuanguka. Baadaye Gary Fisher aliishuka njia ile kwa dakika 4 na sekunde 22, na Joe Breeze, aliyekuwa nyuma yake kwa sekunde mbili tu, akaunda mwaka 1977 fremu iliyokusudiwa mlima tangu mwanzo. Miaka 20 baada ya mbio zile za kwanza, mwaka 1996, baiskeli za milimani zilikuwa Olimpiki, Atlanta.

Katika simulizi hiyo wengi hushika zile dakika nne. Mimi hushika ile grisi. Mteremko uliisha kabla maji ya chai hayajachemka, lakini kukifungua kitovu, kukifuta, kukijaza na kukifunga ilikuwa kazi ya kukaa chini, mikono myeusi, jioni inaingia. Jina la njia halikutokana na kasi wala na aliyeshinda. Lilitokana na kazi iliyofuata baada ya wote kufika chini. Walioupa mchezo huu mwanzo wake waliujua mlima kwa joto lililobaki ndani ya chuma.

Mzee wa Lushoto hakuwa na habari za California, lakini kila tulipofika chini ya mteremko alisimama, akainama, akaigusa ringi kwa mgongo wa kidole, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Ikiwa ya moto, tulikaa. Hakueleza sana. Alisema tu kwamba chuma kikichoka hakisemi, kinakuacha.

Tena tusidhani mlima ulianza kupandwa kwa baiskeli siku Wamarekani walipoanza kuhesabu sekunde. Nchini Burundi kuna barabara inayotoka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, ikapanda kwa kona nyingi hadi Bugarama. Vijana hushuka barabara hiyo na mikungu ya ndizi iliyofungwa juu ya keria mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Wakirudi juu hushika nyuma ya malori yanayopanda, mkono mmoja kwenye chuma cha lori na mwingine kwenye usukani. Wapo waliokufa hapo. Ng'ambo ya milima, Goma, mashariki ya Kongo, kuna chukudu: chombo cha mbao tupu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, hakina pedeli wala mnyororo. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kwa chombo hicho viazi, mkaa na kabichi hushuka kutoka nyanda za juu za Kibumba, pembeni ya volkano ya Nyiragongo, mzigo wa mamia ya kilo kwa safari moja. Goma imemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji.

Watu hawa hawaingii kwenye vitabu vya historia ya mchezo. Sitaki kuipamba shida yao. Wangepata gari wangepakia gari. Lakini ujuzi ni ujuzi, hata ukizaliwa na njaa. Kijana wa Bugarama anajua uzito wa mkungu mmoja ukizidi upande wa kushoto utamfanya nini kwenye kona ya kulia. Mwendesha chukudu anajua ni wakati gani mguu uanze kukandamiza ule mpira, hatua ngapi kabla ya hatari, maana chombo chenye mzigo kama ule hakisimami kwa kushtukizwa. Ukitaka kujua neno makini lina uzito gani, muulize mtu ambaye breki yake ikigoma kinachopotea ni ada ya mtoto, au yeye mwenyewe.

Tukaingia msituni. Njia ilikuwa nyembamba, udongo mwekundu, mizizi imepita juu yake kama mishipa ya mkono wa mzee, na maji ya umande yanadondoka kutoka kwenye miti. Mzee alinitangulia. Phoenix ile ilikuwa inalia kila kiungo, lakini ilipita.

Kwenye kona ya nne nikaanguka. Naikumbuka vizuri kwa sababu hapakuwa na wa kulaumiwa. Niliingia kona kwa kasi, nikaona mzizi uliolowa, nikabana breki ya mbele. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa ukisimamisha baiskeli uzito wako wote hukimbilia mbele na kulikandamiza gurudumu lile. Kwenye lami kavu, mkono ukiwa mpole, nguvu hiyo ni rafiki. Juu ya mzizi uliolowa, huku gurudumu limekunjwa, ni mtego. Baiskeli ilikwenda upande wake, nami upande wangu, tukakutana tena ndani ya magugu.

Mzee alirudi, akanitazama magoti, akaona sijavunjika, akasema pole. Kisha akaanza kunifundisha, na nilipokutana baadaye na mafunzo ya mabingwa niliona hawakuniongezea mengi juu ya yale. Breki hubanwa kabla ya kona, kwenye sehemu iliyonyooka, na ndani ya kona mkono hulegea ili tairi lishike ardhi. Kuhusu mwili, nyanyuka kwenye siti, pedeli zote mbili ziwe sawa kimo ili mguu usigonge jiwe, viwiko vikunjwe, magoti yawe laini. Baiskeli ichezecheze chini yako na wewe utulie juu yake. Tairi lipunguzwe upepo kidogo, lisidunde juu ya mawe kama mpira bali liyakumbatie. Na kuhusu jicho, ambalo kwake lilikuwa juu ya yote, aliniambia nitazame pale ninapotaka kwenda. Nikilitazama jiwe nitaligonga. Nikiitazama nafasi iliyo kando ya jiwe, mikono itaifuata bila kuambiwa.

Hili la jicho nimelijaribu mara nyingi, na ni kweli kwa namna inayotisha. Woga huvutwa na kile unachokiogopa. Mwenye kuendesha mlimani kwa umakini hajaacha kuogopa. Ameuzoeza woga wake kutazama njia.

Mbele kidogo kulikuwa na mpando mkali, mawe yamelegea, na maji ya mvua yamechimba katikati. Nikabadilisha gia, nikainama mbele, nikasukuma pedeli hadi pumzi ikaanza kupiga filimbi. Nusu ya mpando gurudumu la nyuma likazunguka bure. Nikaendelea kung'ang'ana, maana nilikuwa nimeambiwa huko mjini kwamba kushuka na kusukuma ni kushindwa. Nikageuka. Mzee alikuwa ameshashuka zamani, anasukuma Phoenix yake kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, na alikuwa anakaribia kunipita.

Baadaye nilisoma habari za askari weusi wa Marekani ambazo zilinirudisha kwenye mpando ule. Mwezi Juni 1897, askari 20 wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu waliondoka Fort Missoula, Montana, kwa baiskeli, wakiongozwa na luteni James Moss, kuelekea St. Louis, Missouri. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000. Walivuka Milima ya Rocky na mizigo yao juu ya baiskeli za chuma zisizo na shokapu wala gia. Matope yaliponasa magurudumu walishuka wakasukuma, na barabara ilipokwisha walipita juu ya mataruma ya reli. Walifika baada ya siku 41. Ukihesabu tu kilomita walizokaa juu ya siti hutaiona safari yenyewe. Sehemu yake ilifanywa na miguu iliyokubali kushuka, na ingekuwa aibu kusukuma, wasingefika.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Tumeizoea methali hiyo kama onyo kwa mwenye cheo. Mlimani niliisikia upya kama maelekezo ya kazi. Aliyepanda ajiandae kushuka, tena ajue kushuka kabla hajalazimishwa, kwa maana atakayengoja kushushwa na mlima atashushwa kwa kichwa.

Tulipoanza mteremko mrefu wa upande wa pili, njia ilitoka msituni ikapita kati ya mashamba ya watu. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la asubuhi. Kwa mbali, chini yetu, bibi mmoja alikuwa anapanda na mzigo wa kuni mgongoni, kichwa ameinamisha, haoni zaidi ya hatua tatu mbele. Njia ilikuwa ya kutosha mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimeshapata mwendo mzuri, na nikafikiria kupiga kengele. Mzee alibana breki, akashuka, akainyanyua baiskeli yake nzima akaiweka juu ya majani nje ya njia, akasimama kando yake. Nikafanya vivyo hivyo.

"Pole na mzigo, mama," akasema.

"Nishapoa, baba."

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama, maana mwenye mzigo akisimama kwenye mpando ataanza upya. Tulingoja mpaka amepita kabisa. Ndipo mzee akasema, "Huko ndiko kushuka nilikokuuliza."

Waendesha baiskeli wa dunia nao walilifikia jambo hili, na walilifikia kwa machungu. Kufikia miaka ya 1980, njia nyingi za California zilikuwa zimeanza kufungwa kwa baiskeli, kwa sababu watembea kwa miguu na wapanda farasi walichoka kurukwa na watu wanaoteremka kama mawe. Mwaka 1988 kikaundwa chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli wa milimani, IMBA, na kanuni zake zimeenea kila penye mchezo huu: pita njia zilizoruhusiwa, usiache alama, itawale baiskeli yako, mpishe mwenzako, usimtishe mnyama, jipange kabla ya safari. Ndani ya ile ya kupishana kuna sentensi ambayo kwa Kiswahili inakaa kama methali: anayeshuka humpisha anayepanda.

Fikiria ukubwa wake. Mwenye kasi amngoje asiye na kasi. Anayesaidiwa na mlima amheshimu anayepambana nao. Yule ambaye kusimama hakumgharimu kitu asimame kwa ajili ya yule ambaye kusimama kutamgharimu pumzi zote. Hii ni adabu ya barabarani, na ni haki pia, iliyopimwa kwa miguu.

Nayo ina uzito zaidi kwetu, kwa sababu huku kwetu njia za milimani ni chache sana zilizochongwa kwa ajili ya mchezo. Njia ya Usambara, milima hii ya Lushoto, ni ya mtoto anayekwenda shule, ya mama anayekwenda mtoni, ya mkulima anayeshusha karoti na viazi kuelekea barabara ya Soni na Mombo. Mwendesha baiskeli ni mgeni juu ya njia hiyo hata akizaliwa wilaya hiyohiyo. Na Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, wanakumbuka wageni waliokuja kuwafundisha ardhi yao. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa bonde la Mlalo, ikawalazimisha watu kulima matuta mashambani ili kuzuia mmomonyoko, na watu wakaukataa kwa nguvu hata upinzani huo ukaungana na siasa za kudai uhuru. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kushuka, akaongea na mwenye jembe, badala ya kuamuru kutoka juu.

Mmomonyoko ndio unaotuleta kwenye maana ya tatu ya kupanda. Tairi linalozunguka huacha alama nyepesi. Tairi lililofungwa na breki likaburutwa huchimba mfereji. Mvua ya Usambara ikija huukuta mfereji ule, huufuata, huupanua, na msimu ukipita njia imekuwa korongo. Kwa hiyo yule kijana anayeburuta gurudumu la nyuma ili vumbi lipae na wenzake washangilie, anamwibia bibi yule wa kuni njia yake, ingawa hajui. Mwendeshaji makini hufanya kinyume. Hushuka mlima magurudumu yakizunguka. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, huiacha njia ipumzike. Na kuna siku huja bila baiskeli kabisa, amebeba jembe: anachepusha maji kando ya njia, anafukia mashimo, anapanda mabingobingo ukingoni ili mizizi ishike udongo. Hiyo pia ni kupanda mlima.

Nimewahi kuulizwa kama haya yote hayamfai tu mtu wa polepole, mzee wa Phoenix, na siyo mshindani wa kweli. Nilijibu kwa jina la Adrien Niyonshuti, mwendesha baiskeli wa Rwanda. Alikuwa mtoto wa miaka saba wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, na wengi wa familia yake waliuawa. Mwaka 2012 aliibeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, na tarehe 12 Agosti, siku ya mwisho ya michezo, akaingia mbio za baiskeli za milimani kwenye njia ya Hadleigh Farm, Essex. Dhahabu ilikwenda kwa Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki, aliyemshinda Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde moja. Katika mbio hizi anayeachwa mbali mno na kiongozi huondolewa njiani. Niyonshuti hakuondolewa. Alimaliza, akiwa wa 39. Kwa hesabu ya medali hiyo ni nafasi ya kusahaulika. Kwa hesabu ya mlima, mtu aliyetoka alikotoka yeye na kufika mwisho wa njia ile ana la kutufundisha sote. Mwezi Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na vilima vilevile ambavyo wabeba ndizi na wabeba maziwa huvipanda kila siku vikawatesa mabingwa wa Ulaya.

Au mtazame David Kinjah, kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Kwa miaka mingi amewapokea vijana nyumbani kwake na kupanda nao njia za vumbi za nyanda zile. Mmoja wao, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikuja kushinda Tour de France mara nne. Kinachonigusa ni kwamba kwa Kinjah kijana hujifunza pia kuifungua baiskeli na kuifunga. Mikono yake hujua spoku, beringi na mnyororo sawa na miguu yake inavyojua pedeli. Hapo ndipo Kikuyu, Fairfax na karakana ya mzee wa Lushoto vinapokutana: kitovu kimefunguliwa, grisi mikononi, mtu ameinama juu ya chombo chake kwa heshima.

Karibu na mwisho wa safari yetu, njia ilipoingia tena kwenye kivuli, mzee alisimama ghafla hata nikakaribia kumgonga. Kinyonga alikuwa anavuka. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kiumbe huyu, na nilitazamia mzee amzunguke kwa mbali au amrushie fimbo. Akashuka. Akaegemea usukani. Kinyonga aliinua mguu mmoja, akayumba, akafikiri, akauweka chini, akainua mwingine. Njia ile haikuwa na upana wa hatua mbili za mtu, na ilimchukua muda ambao ningeweza kushuka Repack nzima. Hatukusema neno. Alipofika kwenye majani mzee akapanda baiskeli yake, tukaendelea, hatujapungukiwa na kitu.

Kwa hiyo ukiniuliza leo ni nani mwendesha baiskeli makini wa milimani, sitakuuliza baiskeli yako ni ya bei gani wala mteremko unaumaliza kwa dakika ngapi. Nitakuuliza ringi zako zina joto gani sasa hivi, na kama umezigusa. Nitakuuliza njia uliyopita jana iko katika hali gani leo. Nitakuuliza mara ya mwisho ulishuka lini, kwa ajili ya nani. Kama hujui kushuka, anza na hilo kabla hujanunua chochote. Jumamosi ijayo utakapokuwa unateremka na upepo masikioni, ukamwona mtu chini yako anapanda na mzigo, bana breki mapema, toka njiani, shuka, umsalimie. Ngoja apite kabisa. Kisha panda.